NYUMBA YETU: Jina la Rangi Si Rangi



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kupaka kuta za chumba kimoja kwa rangi za viwanda viwili na kutaka zifanane. Nasi tulilidhani dogo. Lakini kwa ajili yake tulimdhulumu mtu, na hiyo ndiyo sababu ya kuliandika.

Khabari yenyewe ni hii. Mwaka jana, zilipobaki wiki mbili kuingia Ramadhani, wazazi wa madrasa yetu hapa Mombasa walichanga fedha ili chumba kikubwa cha kusomeshea kipakwe rangi. Chumba hicho kina urefu wa mita 9, upana wa mita 6, na kuta zake zina kimo cha mita 3. Sisi, kwa kukisia tu, tulinunua makopo manne ya lita 4 ya rangi ya maji iitwayo Magnolia, ambayo ni nyeupe yenye umanjano kidogo. Fundi tuliyempa kazi alikuwa baba wa mmoja wa wanafunzi wetu. Alipaka kuta tatu mara mbili mbili, na rangi ikamalizika. Ukabaki ukuta wa mbele, ule wenye ubao.

Duka tulilonunua halikuwa tena na rangi ile. Tukampa fundi fedha tukamwambia, "Tafuta Magnolia popote uipatapo." Akaipata katika duka jingine, ya kiwanda kingine, akaupaka ukuta baada ya isha chini ya taa. Tulipofunga mlango usiku ule hakuna aliyeona tofauti.

Asubuhi jua lilipoingia madirishani, tofauti ilikuwa dhahiri. Kuta tatu zilielekea umanjano wa siagi, na ukuta wa mbele ulikuwa na wekundu wa mbali, kama maziwa yaliyotiwa tone la sharubati. Maneno yakaanza. Mmoja alisema fundi ametia maji, mwingine alisema ameuza rangi yetu akanunua ya bei nafuu. Nasi, twakiri, tulikuwa wa kwanza kusema kwamba salio la ujira wake lizuiwe. Fundi alitujibu maneno machache tu: "Maalim, mliniambia Magnolia, nami nimeleta Magnolia. Kopo hilo hapo." Akakusanya brashi zake akaenda zake. Binti yake hakuonekana darasani kwa siku tatu.

Siku ya nne tulichukua makopo yote mawili tukaenda kwa muuza rangi mmoja mwenye mashine ya kuchanganyia, tukitaraji atupe ushahidi wa khiyana. Alitupa somo badala yake, na somo hilo twalileta kwenu.

Kwanza, jina lililoandikwa juu ya kopo ni jina tu. Kila kiwanda huchagua majina yake na kuchapa kadi yake, na viwanda viwili vyaweza kutumia jina moja kwa rangi mbili. Ndiyo maana watu wa biashara walitunga orodha za nambari. Mwaka 1927 Wajerumani walianza orodha iitwayo RAL, nayo ilikuwa na rangi 40, ili muuzaji na mnunuzi waelewane kwa nambari. Waingereza nao wana orodha ya rangi za majengo iitwayo BS 4800, na humo Magnolia ina nambari 08 B 15. Anayetaja nambari ya orodha kama hizi ametaja kitu kimoja. Anayetaja jina peke yake ametaja jamaa nzima ya vitu vinavyokaribiana.

Pili, rangi hupikwa, na kila mpishi ana viungo vyake. Huanzwa na rangi ya asili, ambayo aghlabu ni nyeupe, kisha hutiwa matone ya rangi kali: manjano, nyekundu, nyeusi na nyinginezo. Weupe wa kiwanda hiki si weupe wa kiwanda kile, na matone yao hayana nguvu sawa. Kwa hiyo ukichukua kipimo cha kiwanda kimoja ukakitumia katika ndoo ya kiwanda kingine, usistaajabu ukipata kitu kingine. Hata kiwanda kimoja chaweza kuhitilafiana kidogo baina ya pishi moja na jingine, na kwa sababu hiyo makopo huandikwa nambari ya pishi. Atazame nambari hiyo kila anunuaye zaidi ya kopo moja.

Tatu, na hili ndilo lililotupoteza sisi, rangi mbili zilizopikwa kwa viungo mbalimbali zaweza kuonekana sawa chini ya taa moja na zikatofautiana chini ya mwanga mwingine. Wataalamu huliita jambo hili metamerizimu. Lakini mama zetu walilijua zamani. Mwanamke anapotafuta uzi wa kushonea nguo yake haridhiki na taa ya dukani. Huuchukua uzi na kitambaa akasimama mlangoni, avitazame kwa mwanga wa jua. Lau tungefanya hivyo na makopo yetu, tusingalimtuhumu mtu.

Nne, mng'ao nao hubadili macho. Rangi isiyong'aa na rangi yenye mng'ao wa hariri, ijapokuwa ni za kipimo kimoja, hazionekani sawa ukutani, kwa sababu moja hutawanya mwanga na nyingine huurudisha. Na ukuta wenyewe una sehemu yake. Mahali palipozibwa kwa lipu mpya hunywa rangi kuliko mahali pakavu palipokwisha pakwa, na hapo hutokea baka hata kama rangi ni ile ile. Dawa yake ni kupapaka kwanza rangi ya msingi, kisha ndiyo kupaka rangi yenyewe.

Basi afanyeje mwenye nyumba aliyeishiwa na rangi, na kiwanda chake hakipatikani? Twamshauri hivi.

Akwangue ukutani kipande safi na laini, kisichopungua sentimita 3 kila upande, akipeleke dukani penye mashine ya kupimia rangi. Mashine hiyo huangaza kipande na kupima mwanga unaorudi, kisha hutoa kipimo kwa viungo vya kiwanda kile kile kitakachouza. Kipande ni ushahidi mwema kuliko kadi, kwa kuwa ukuta uliokaa miaka kadhaa umekwisha chujuka au kuingia moshi na vumbi, na kadi yaonyesha rangi ilivyokuwa mpya. Hata hivyo mashine si hakimu wa mwisho. Anunue kopo dogo kwanza, apake karatasi ngumu mara mbili, aiache ikauke mpaka kesho yake, kwani rangi ya maji ikiwa mbichi si ile itakayokuwa ikikauka, na mara nyingi huzidi kukolea. Kisha aibandike karatasi ukutani, aitazame asubuhi, alasiri na usiku taa ziwakapo. Ikipita mitihani hiyo mitatu, na anunue iliyobaki.

Tena asipake kiraka katikati ya ukuta. Apake ukuta mzima kutoka pembe hadi pembe, kwa sababu kila ukuta hupata mwanga wake, na penye pembe jicho husamehe tofauti ndogo ambayo katikati ya ukuta lisingeisamehe.

Lakini lililo bora kuliko yote ni kupiga hesabu kabla ya kununua. Lita moja ya rangi ya maji hutosha kiasi cha mita za mraba 10 hadi 12 kwa mpako mmoja katika ukuta laini, na hupungua katika ukuta wenye mikwaruzo. Chumba chetu kina mzunguko wa mita 30, mara kimo cha mita 3, ni mita za mraba 90. Kwa mipako miwili ni 180. Hata kama ukuta ungekuwa laini kabisa, tulihitaji lita 15 hadi 18. Kuta zetu hazikuwa laini, na lita moja ilitupa mita 9 tu, kwa hiyo zilihitajika lita 20. Tulinunua 16. Ndoo moja ya lita 20 ingetutosha, na tungeepukana na haya yote. Na mwenye makopo mengi ayamimine pamoja katika chombo kimoja kikubwa ayakoroge kabla ya kuanza, ili pishi zote ziwe moja.

Tulipotoka kwa muuza rangi yule hatukuwa na la kusema. Fundi hakutia maji wala hakuuza kitu. Alitii neno letu, na neno lenyewe ndilo lililokuwa na kasoro. Ijumaa baada ya sala tulikwenda kwake pamoja na wazee wawili, tukampa salio la ujira wake, tukamwomba radhi mbele ya mkewe na watoto wake. Na kwa kuwa tulimtuhumu mbele ya wazazi, tukarudia maneno hayo mbele ya wazazi pia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na ukuta mmeufanyaje, Maalim?" Tukamwambia bado uko vile vile.

Akatushauri tusihangaike tena kuufananisha. Rangi mbili zinazokaribia kufanana huonekana kosa, na rangi mbili zilizo mbali huonekana kusudio. Tulinunua kopo moja la lita 4 la rangi ya kijani, akaupaka ukuta wa mbele wote, tukamlipa na kazi ya siku hiyo. Wageni wakiingia hudhani tulipanga hivyo tangu mwanzo.

Binti yake alirudi Jumatatu, akaketi mahali pake, akiuelekea ukuta aliopaka baba yake.

Ndugu zetu, rangi zisipoafikiana, watazameni kwanza nambari, mwanga na hesabu, kabla ya kumtazama fundi kwa jicho baya. Wabillahi tawfiq.