Honi Isinyamazishwe Kabla ya Geti

Hapa Malambo hakuna reli. Huenda basi mwanachama akauliza: gazeti letu lina shughuli gani na honi za treni? Twamjibu kwamba wana wetu wengi wako Arusha kwa kazi na masomo, na wako wanaolala jirani na njia ya reli. Tena mpango wa kujenga reli kutoka Arusha hadi Musoma, wenye tawi la kwenda Engaruka kwenye magadi, umesemwa na Serikali kwa miaka mingi. Siku utakapotimizwa, shauri hili litakuwa letu pia.

Treni zilirudi Arusha mwaka 2020, baada ya reli kulala kwa miaka mingi na mji kuisogelea hadi mlangoni. Mtu aliyejenga kando ya reli iliyokufa hushtuka inapofufuka. Mtoto huamka usiku, mgonjwa hapati usingizi. Malalamiko yake ni ya haki, nasi hatuyadharau.

Lakini honi haipigwi kwa jeuri ya dereva. Treni ya mizigo haisimami kama baiskeli. Hata ikifunga breki huendelea mbele mamia ya mita. Mwaka 2018 huko Gungu, Kigoma, na tena mwaka 2023 huko Manyoni, basi na treni vilikutana penye makutano ya reli na barabara, na abiria wakafa. Nani atasimama mbele ya jamaa zao aseme honi ipunguzwe?

Wamarekani walikwisha kujaribu. Tangu mwaka 1984, katika jimbo la Florida, miji kadhaa ilikataza honi usiku kwenye njia ya kampuni moja ya reli. Ajali za usiku katika makutano hayo zikaongezeka karibu mara tatu, na mwaka 1991 serikali yao kuu ikaamuru honi zirudi. Tangu mwaka 2005 kanuni yao yasema hivi: mji unaotaka kimya ukinunue kwanza kwa usalama. Waweza kuweka mageti manne yanayofunga barabara nzima, maana geti la upande mmoja dereva mwenye haraka hulizunguka. Waweza kujenga ukuta mfupi katikati ya barabara ili asipate pa kuzungukia, au kuifanya barabara iwe ya upande mmoja, au kufunga kabisa makutano yasiyo ya lazima. Wengine huweka honi juu ya nguzo penye makutano, ikawalilia walio barabarani badala ya kuamsha mtaa mzima.

Kwetu, ukuta mfupi na geti lenye mlinzi ndivyo vinavyofaa kuanza navyo mijini. Si vitu vya kututoa jasho. Mageti ya umeme yafuate, lakini umeme ukikatika mlinzi awepo, na alipwe mshahara wake kwa wakati. (Mlinzi mwenye njaa huondoka kutafuta chakula, na treni haimngojei.) Waendesha bodaboda nao wafundishwe: geti likiwa chini si mwaliko wa kupenya.

Dawa kamili ni ile tuliyoiona katika reli mpya ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Imezungushiwa uzio, na barabara hupita juu au chini yake. Pasipo makutano, hakuna haja ya kumpigia honi mwenye gari. Kenya nao walipopitisha reli yao mpya Tsavo waliacha njia za chini ili tembo wapite.

Kama tembo wamefikiriwa, ng'ombe wa mfugaji naye afikiriwe. Uzio bila njia ya kupitia utawatenga mifugo na maji na malisho, na mchungaji atakata waya. Hapo honi itarudi, na damu pia. Kwa hiyo twayataka matawi ya Malambo na Sale yasingoje mhandisi aje na vigingi vyake. Wazee na wachungaji waketi sasa, waandike njia za ng'ombe zilipo, za masika na za kiangazi, na mahali watoto wanapovuka kwenda shule. Karatasi hiyo ipelekwe kwa diwani na mbunge, na nakala ibaki tawini.