Tuionje Chai Yetu Kwanza

Ndugu wakulima wa koperativi, swali moja linarudi kila mara katika mikutano ya huku milimani: barabara ikifungwa, majani mabichi ya chai tutayapeleka wapi? Mwenye kahawa anaianika, anaiweka ndani, anangoja. Mwenye maharagwe vilevile. Lakini jani la chai likishachumwa halingoji mtu. Ukilishindilia katika gunia linapata joto lenyewe, linaanza kuwa jekundu, na kesho yake linanuka. Kiwanda hakilitaki, na hata mbuzi halitaki. Ndiyo maana leo naandika juu ya chai ya Wachina, ingawa najua wengine watasema: sisi na Wachina wapi na wapi?

Katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, kuna chai inayoitwa pu'er. Iko ya namna mbili. Moja hulowanishwa rundoni ili iive haraka. Nyingine, ambayo ndiyo ninayoisema hapa, ni ile mbichi. Usidhani mbichi maana yake haikuguswa na moto. Jani linachumwa mlimani, linatandazwa kivulini kwa saa kadhaa hadi linyauke, kisha linatiwa katika karai kubwa la chuma lenye moto, na mikono inaligeuzageuza bila kupumzika. Moto ule unalizuia jani lisiwe jekundu kama chai yetu ya kawaida. Baada ya hapo linafikichwa kwa mikono, linaanikwa juani, basi. Likikauka linapigwa mvuke kidogo na kushindiliwa liwe kama mkate wa duara. Mkate wa kawaida una gramu 357. Watu wanauweka miaka, na chai inaendelea kuchachuka polepole yenyewe, ukali unapungua, ladha inageuka.

Angalia vizuri kazi hiyo yote. Karai, mikono, jua. Hakuna umeme, hakuna mashine ya kukatakata majani, hakuna lori la kukimbiza mzigo kiwandani kabla ya jioni. Na mti wenyewe ni ndugu wa wetu: chai nyingi iliyopandwa Afrika ni ya ukoo wa Assam, wenye majani makubwa, na chai ya Yunnan ni ya ukoo huohuo. Tofauti ni kwamba sisi tunaukata uwe kichaka cha kufika kiunoni, na wao kule Jingmai na milima mingine wameuacha ukawa mti wa kupandwa. Milima ya Jingmai iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2023, kwa sababu ya misitu hiyo ya chai.

Mkate wa chai hiyo tuliupata Goma kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyerudi nao kutoka Guangzhou. Tukauonja pamoja na wamemba kumi na wawili. Kikombe cha kwanza, nyuso zilikunjamana. Mzee mmoja wa Masisi akasema, "Hii ni dawa ya malaria, ni kinkina kabisa!" Wengine wakatafuta sukari. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu watu wakanyamaza kidogo. Uchungu unapita, halafu utamu unapanda kutoka kooni, kama unapokula nyanya chungu kisha ukanywa maji. Majani yaleyale tuliyatilia maji mara nane, na kila mara ladha ilikuwa nyingine. Hii ndiyo namna yao: gramu 5 au 6 katika kikombe kidogo chenye kifuniko, maji ya kwanza yanamwagwa, yanayofuata yanakaa sekunde kumi tu, kisha unaongeza muda taratibu. Ukiyaacha dakika tano kama tunavyofanya sisi, hutaweza kumeza.

Mtu akauliza kama maji ya Goma yanafaa. Swali zuri. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka yanapofika nyuzi 95 hivi, siyo 100. Hilo lisikuogopeshe, kwani Kunming, mji mkuu wa Yunnan, uko juu zaidi, na chai wanakunywa. Shida kubwa ni maji yenyewe. Ya ziwa yana chumvichumvi nyingi, chai inakuwa nyeusi bila uhai, na klorini ya kwenye bidoni inaua harufu. Acha bidoni wazi usiku kucha, harufu ile itapungua. Maji ya mvua ni laini, lakini mvua iliyopita katika moshi wa Nyiragongo inaokota asidi na floridi, kwa hiyo sikushauri. Wenye chemchemi safi huko vijijini mna bahati kutushinda sisi wa mjini.

Sasa maoni yangu. Tunauza kitu tusichokijua ladha yake. Mkulima wa chai analipwa kwa kilo, akipeleka majani mawili na chipukizi au akipeleka matawi magumu, mara nyingi bei ni ileile. Jioni nyumbani ananunua pakiti iliyovuka mpaka, anatia sukari vijiko vinne na tangawizi, na hajui kama majani yake ni mazuri kuliko yale. Wenzetu wa kahawa walikuwa hivyo. Kwa miaka mingi kahawa ya Kivu ilivushwa ziwani usiku kwenda Rwanda kwa bei ya kutupa, na watu walikufa maji. Kisha koperativi kama SOPACDI ya Minova, iliyoanzishwa mwaka 2003, zikaingia katika kuosha kahawa vizuri, na mashindano ya Saveur du Kivu yakaketisha waonjaji mezani kuipa kahawa yetu alama. Mkulima anayejua alama ya kahawa yake haongei na mnunuzi akiwa ameinamisha kichwa.

Waonjaji wa chai wana kipimo chao, na ni rahisi: gramu 2 za majani makavu kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila sukari wala maziwa. Weka chai ya shamba hili na ya shamba lile upande kwa upande. Onja, kisha tazama majani yaliyolowa. Kingo nyekundu katika chai ya namna hii zinakuambia jani lilipondwa au lilikaa guniani. Harufu ya moshi inakuambia nani alisimamia karai.

Lakini sikubaliani na wale wanaotaka tuanze kesho kuuza "pu'er ya Kongo". Jina hilo kule China linalindwa, ni la Yunnan peke yake. Pia wasiwadanganye kwamba chai ikizeeka inakuwa dhahabu. Mwaka 2007 bei ya pu'er ilipanda kama wazimu, ikaanguka mwaka huohuo, na walioficha magunia wakabaki nayo. Kisha kuna kuni: karai linakula moto, na hatutaki chai itakayomaliza miti iliyobaki au kununua makala yaliyotoka Virunga. Na jua letu la msimu wa mvua mnalijua wenyewe.

Kwa hiyo tuanze kidogo. Kila kikundi kijaribu kilo 5 za majani mabichi, yatatoa kilo moja hivi ya chai kavu. Fanyeni msimu wa kiangazi, chumeni asubuhi, msijaze karai, na andikeni siku na shamba juu ya kila mfuko. Nusu tunyweni wenyewe, nusu tuilinganishe kwenye mkutano wa koperativi. Mwenye majani mabovu aambiwe mbele ya wenzake, kwa adabu. Na karai hilo, jamani, lisiwe lile la kukaangia sambaza.