Usikimbilie Kununua Kadi

Anayerusha ndege ya Microsoft Flight Simulator sebuleni, toka Nduli, Iringa, kwenda Songwe, uwanja uliopokea kijiti cha ule wa Mbeya mjini mwaka 2012, hukijua kisa hiki: mlima Loleza unatokeza, ndege inakata kona, picha inaganda. Wengi hushusha kila kitu kwenye mipangilio ya picha, au huwaza kadi mpya ya michoro. Mimi nasema waanze na picha zinazovishwa ardhi na majengo. Moja ya nukta 4,096 kwa 4,096, isipobanwa, hula megabaiti 64 za kumbukumbu ya kadi. Ukiishusha hadi 2,048 kwa 2,048, hula 16 tu, na ukiwa angani tofauti huioni sana. Kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi huazima ya kompyuta, ambayo kwake iko mbali na ni ya polepole, ndipo mkwamo unapoanza. (Bando ni kesi nyingine: mandhari hupakuliwa mtandaoni ukiwa angani, na likikatika juu ya Makambako, kadi haina la kufanya.) Ila ukungu wauache. Mawingu na ukungu huelemea zaidi kasi ya kadi kuliko kumbukumbu yake, nami sioni raha ya kutua Songwe isiyo na ukungu.