Mustang ya shemeji na ushuru wa Trump

Shemeji yangu aliyeko Ohio anafufua Mustang ya 1967 kwenye gereji ya nyumbani. Sakafu imeliwa na kutu. Kule barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, nasi watu wa pwani twajua chumvi inavyolifanya bati. Mabati mengi mapya ya magari hayo hutengenezwa Taiwan. Mei 2025 Marekani ilianza kutoza spea nyingi za kigeni ushuru wa asilimia 25, na Juni ikapandisha ule wa chuma hadi 50. Trump asema analinda viwanda vya kwao. Lakini Ford iliacha kuunda bodi hiyo kabla mimi sijazaliwa! Anayeumia ni Mmarekani anayetengeneza gari la Kimarekani. Shemeji amesimamisha kazi, gari lingali juu ya mawe.