Ukumbi Bila Ardhi

Tangu gari la moshi la reli mpya lianze kuchukua abiria katikati ya mwaka 2017, Miritini imekuwa mlango wa Mombasa. Wasafiri hushuka stesheni kwa mamia, hupanda matatu, na baada ya muda mfupi huwa wamekwisha kuvuka kwenda kisiwani. Njia hiyo hiyo ndiyo ya mkazi wa Miritini anapotaka mchezo wa kuigiza au jioni ya mashairi. Little Theatre Club iko kisiwani. Swahilipot, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa ajili ya vijana wa sanaa na teknolojia, iko karibu na Fort Jesus. Onyesho likichelewa kwisha, mtazamaji wa Miritini humwacha mhusika mkuu jukwaani akakimbilia matatu.

Basi haja ya ukumbi wa wananchi wenyewe ipo. Lakini kila mazungumzo haya yanapozuka huanza na saruji: nani atajenga? Mimi naona hilo ndilo jambo jepesi.

Tuchukue mfano wa Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru. Mwaka 1976 wanakijiji walianza na madarasa ya kisomo cha watu wazima katika jengo bovu la udongo. Mwaka uliofuata wakulima na wafanyakazi hao hao wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu 2,000 hivi. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulifanyiwa mazoezi hadharani, na watazamaji wakawa wakisahihisha lugha na mwendo wa wachezaji. Jumuiya ilizaliwa siku hizo za mazoezi, kabla ya tikiti ya kwanza kuuzwa. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba ruhusa ikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Machi 1982 polisi wakalibomoa jukwaa lenyewe. Saruji ilikuwapo na watu walikuwapo. Haki ya kukaa pale ilikuwa mikononi mwa wengine.

Hapa Mombasa haki hiyo ni dhaifu zaidi, kwa sababu ya desturi yetu ya nyumba bila ardhi: mtu humiliki kuta na paa, na kiwanja ni cha mwingine anayepokea kodi. Changamwe, Kisauni, Likoni, kote utaikuta. Familia huweza kuivumilia hali hiyo miaka mingi. Kikundi cha sanaa hulipa kwa kuchelewa, tena hupiga kelele usiku. Na Miritini, penye yadi za makontena, malori na barabara ya kuelekea Dongo Kundu, mwenye kiwanja ana wateja wanaolipa vizuri kuliko wapiga sengenya.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, na sheria ya mwaka 2022 inaviwezesha vikundi vya kijamii kuandikishwa. Cheti cha kikundi, hata hivyo, si hati ya kiwanja. Wajomvu, Waduruma, Wakamba na wengineo wanaoishi Miritini wanaweza kuanza kwa kisomo, ngoma na maigizo kwenye uwanja wa shule, Jumamosi alasiri, ili wazoeane. Wakati huo huo waiombe kaunti kipande cha ardhi ya umma, kiandikwe kwa majina ya wadhamini waliochaguliwa na wakazi, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa.