MTOTO WA TANGA HAJUI SITIARI? UONGO MTUPU!



Liko jambo ambalo wengi wetu twalipita kama watu wapitavyo kando ya jaa: pua wameziba, lakini hakuna anayezoa. Jambo hilo ni somo la Kiingereza katika shule zetu za sekondari, na jinsi linavyotumiwa kuwafanya watoto wa wananchi wajione wajinga.

Mtoto wa shule ya serikali amaliza darasa la saba. Hesabu, sayansi na historia amesoma kwa Kiswahili. Aingia kidato cha kwanza, mara ulimi wake wafungwa, karibu kila somo ni Kiingereza. Apewa sentensi, aambiwa, tafuta kosa. Apewa shairi la Kizungu, aambiwa, taja tamathali iliyotumika. Akinyamaza, yaandikwa kwamba hana akili.

Twauliza: ni kweli hajui?

Nendeni Kigombe au Moa alfajiri. Mvuvi akirudi mikono mitupu atawaambieni bahari imekasirika. Hiyo ni tashihisi, kwa maana ameipa bahari moyo wa mtu. Sikilizeni akina mama wa Ngamiani wakisema maji yamezidi unga. Hapana maji wala unga hapo. Hiyo ni sitiari. Mtoto amwitaye mwenzake mwembamba kama uzi ametumia tashbihi. Anayesema haba na haba hujaza kibaba anajua kurudia sauti mpaka neno likae kichwani. Hata kanga aliyojifunga mama yake ina fumbo lililoandikwa pindoni, na jirani aliyekusudiwa hulifumbua bila mwalimu.

Mtoto huyu amelelewa katika tamathali kama samaki majini. Asilolijua ni jina la kigeni la kitu alicho nacho nyumbani. Kumwita mjinga kwa ajili hiyo ni dhuluma.

Tuje kwenye makosa ya sarufi. Mtoto amtaja mama yake kwa neno “he”, darasa zima lacheka. Lakini kosa hilo lina sababu. Katika Kiswahili “yeye” ni mume na ni mke pia. Mwalimu akiieleza sababu hiyo kwa Kiswahili, mtoto ataielewa mara moja, kisha atajizoeza. Akimcheka, amepanda woga, na mwoga hafungui kinywa tena. Mzungu naye akisema “kitabu yangu”, ngeli zimemshinda kabisa, twampigia makofi: ati amejitahidi! Mizani gani hii, ndugu zangu? Kosa la mgeni ni juhudi, kosa la mtoto wetu ni ujinga! Tena zipo shule ambazo mtoto akisema Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Kuivalishia kibao lugha iliyoleta uhuru wa nchi hii ni kasumba ya ukoloni.

Watakuja wenye tai watuambie Kiingereza ni lugha ya dunia. Nani amekikataa? Shaaban Robert, mwana wa Vibambani hapa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909, alizichukua beti za Omar Khayyam kutoka Kiingereza akazitoa kwa Kiswahili mwaka 1952. Mwalimu Nyerere alimtoa Julius Caesar wa Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963. Watu hawa walikitumikisha Kiingereza, hawakukitumikia. Waliweza kwa sababu walisimama kwanza juu ya lugha yao.

Wala asitudanganye mtu kwamba elimu ya tamathali haina maneno kwetu. Mwaka 1954, mwaka ule ule ilipozaliwa TANU, Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Vina na mizani vilipimwa pwani hii kabla hajafika gavana wa kwanza.

Mwaka 1967 Kiswahili kilishika shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na ndugu Jackson Makweta ikapendekeza kipande mpaka sekondari, haikufuatwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikasema Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Karatasi ilisema, darasa halikusikia.

Basi wanachama wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga, tuyasimamie mambo matatu katika kila mkutano wa tawi. Kwanza, azimio hilo la 2014 litekelezwe, na liwekewe tarehe. Pili, Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na mwalimu awe huru kueleza tamathali na sarufi kwa Kiswahili kwanza. Tatu, vibao vya shingoni vitupwe jaani leo hii.

Ndugu yangu mwenye mtoto sekondari, usingoje matokeo ya kidato cha nne ndipo ulie. Nenda shuleni ukaulize. Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa hazai mtu huru.

Uhuru na Umoja!