Salem 1692: Shtaka Lisilojibika



Litajwapo jina la Salem husikika sauti mbili. Ya kwanza husema: hayo ndiyo matunda ya dini. Ya pili, nayo hutoka hata kwa Wakatoliki wenzetu, husema: wale walikuwa Waprotestanti, hayatuhusu. Zote mbili ni sauti za uvivu.

Mwanzoni mwa mwaka 1692, katika koloni la Massachusetts, binti wa mchungaji Samuel Parris, mwenye miaka 9, na jamaa yake Abigail Williams, mwenye miaka 11, walianza kugaagaa na kupiga mayowe. Wa kwanza kutajwa kuwa wachawi walikuwa Tituba, mtumwa wa nyumbani mwa mchungaji. Sarah Good, ombaomba. Na Sarah Osborne, mgonjwa ambaye hakuonekana tena kanisani. Tazameni uteuzi huo! Hadi Septemba watu 19 walikuwa wamenyongwa, 14 kati yao wanawake, na mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa, kwa kuwa alikataa kujibu shtaka.

Tusiseme ulikuwa ujinga. Jaji mkuu, William Stoughton, alisoma Harvard kisha Oxford, na teolojia aliijua. Huyu msomi ndiye aliyepokea ushahidi wa mizuka: msichana akidai kwamba kivuli cha fulani kimemchoma, dai hilo lilihesabiwa, hata kama fulani huyo alikuwa kitandani kwake. Mtu atajiteteaje kwa kosa la kivuli chake? Sisi nasi tunaamini kwamba shetani yupo. Lakini ikiwa yeye ni baba wa uongo, atashindwaje kuvaa sura ya mtu mwema? Mchungaji Increase Mather alilieleza hilo vizuri mwezi Oktoba, waliokufa wakiwa wamekwisha kufa.

Kibaya zaidi, aliyekiri uchawi aliachwa hai, na aliyeukana alinyongwa. Mahakama ya Wakristo ikawa shule ya uongo. Rebecca Nurse, mama wa miaka 71, aliyejulikana kwa uchaji wake, alionekana hana hatia mbele ya jopo lililosikiliza kesi. Wasichana wakapiga kelele. Stoughton akalirudisha jopo kufikiri upya. Likarudi na neno "ana hatia". Kanisa lake likamtenga, na tarehe 19 Julai akanyongwa.

Katika Biblia yetu, kitabu cha Danieli sura ya 13, tunacho kisa cha Susana, ambacho Wapuritani hawakukihesabu kuwa Maandiko Matakatifu. Danieli alifanya nini? Aliwatenga wale wazee wawili, akamhoji kila mmoja peke yake, na uongo ukajitoa wenyewe. Kule Salem wasichana waliachwa pamoja mahakamani, mmoja akilia wote wakilia.

Je, tujisifu basi? Ni kweli kwamba mwaka 1688, kule Boston, mama mmoja Mkatoliki kutoka Ireland, Ann Glover, alinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya majaribio aliyopewa ilikuwa kusali Baba Yetu. Lakini huko Bamberg na Würzburg, chini ya maaskofu watawala wa Kanisa letu, mamia waliuawa katika miaka ya 1620, baada ya kuteswa hadi wakiri. Mjesuiti Friedrich Spee alichapisha kitabu kupinga kesi hizo mwaka 1631, bila jina lake. Miaka 61 kabla ya Salem! Hoja zilikuwepo, kwa Kilatini, lugha ambayo mahakimu waliosoma waliifahamu.

Mwaka 1697 jaji Samuel Sewall alisimama kanisani huku ungamo lake likisomwa mbele ya waumini wote. Stoughton hakuomba radhi kamwe, naye alibaki jaji mkuu wa koloni mpaka alipofariki mwaka 1701.